Bima ya skii nje ya fito: kwa vijana wa Tanga mnaoenda Ulaya

Naandika hii kwa ajili ya vijana wetu wanaoenda Ujerumani na Austria, wengine kujitolea wengine kazi za hotelini, manake kila mwaka hapa Tanga nasikia wawili watatu wameondoka na kitu wanachoambiwa ni kimoja tu, beba koti zito. Habari ya bima ya mlimani hakuna anayewagusia. Mimi nimekaa Tyrol, magharibi ya Austria, misimu kadhaa ya baridi, nipo jikoni kwenye hoteli ya bondeni, nimeosha sufuria mpaka nikapewa jiko. Kule bondeni kuskii, yaani kuteleza kwenye theluji na mbao ndefu miguuni, sio anasa kama tunavyodhani sisi, wafanyakazi wanapata pasi ya lifti, ile mashine ya kupandisha watu mlimani, kwa bei ya chini, siku ya ofu watu wote wako juu mlimani, sasa wewe utabaki chumbani unatazamana na ukuta? Nikajifunza. Leo niko zangu Ngamiani, joto mnalijua, nikianza habari za theluji pale kijiweni kwenye kahawa wazee wananicheka, mmoja akaniuliza hivi mtu mzima anapandishwa mlima na mashine ili ashuke tena alikotoka, anatafuta nini. Sikuwa na jibu la maana.

Tuanze na mlima wenyewe ili anayesoma asipotee. Mlima wa skii una njia zake, kule wanaziita pisti, na zina rangi: buluu kwa wanaojifunza, nyekundu ya kati, nyeusi ndo kali. Ufaransa wana na kijani, rahisi kuliko buluu. Pembeni ya njia kuna fito zimechomekwa kwenye theluji kuonyesha mwisho wa njia. Ndani ya fito kuna watu wana wajibu kwako: usiku mitambo inapita kusawazisha, asubuhi wanakagua kabla ya kufungua, theluji ikijikusanya vibaya huko juu wanailipua iporomoke watu hawajafika, jioni kuna doria inashuka mwisho kuhakikisha hakuna aliyebaki. Ukivuka fito hayo yote yamekwisha, hata kama umevuka hatua kumi tu. Alafu kuna njia za katikati, zina alama na zikiwa zimefunguliwa wanazilinda na maporomoko ya theluji, ila hazisawazishwi na jioni hakuna anayekuja kukuangalia. Hizi ndo zinazochanganya sana watu wa bima, nitarudi.

Sasa kwa nini watu wanavuka? Kwa sababu utamu uko huko. Theluji mpya haijakanyagwa, kimya, hakuna foleni. Sitawadanganya.

Kuna jamaa yetu mmoja, mtu wa Pangani, jina naliacha, alikuwa kule kabla yangu na kwa skii ananizidi mbali. Siku hiyo ilikuwa Machi, theluji ishaanza kuwa nzito mchana, yeye na wenzake wakakata kwenye miti kati ya pisti mbili. Msidhani ni huko vileleni, ni kipande tu cha msitu ambacho ukiwa kwenye lifti unakiona chote na michirizi ya watu waliopita imejaa. Ubao wa mguu mmoja ukaingia chini ya gogo lililofunikwa, mguu ukabaki mwili ukaendelea. Muundi ukakatika. Wenzake wakapiga 140, ndo namba ya uokoaji wa milimani Austria, na 112 nayo inapokelewa Ulaya nzima. Kwenye miti helikopta haiwezi kutua, ikaning'inia juu, akashuka mtu na kamba, wakamfunga, wakamtoa kwa kamba ileile. Kama nusu saa hivi mtu yuko hospitali. Kwa kazi ile nawavulia kofia mpaka leo.

Kitu ambacho wengi hawajui, anayeamua ije helikopta au waje watu na kile kitoroli cha kuburutwa kwenye theluji ni wale wa kituo cha simu. Wewe uliyelala pale huulizwi unataka ipi. Ila bili ikija, jina ni lako. Na hata kitoroli kina bili yake, ndogo, ila ipo.

Hospitali hakulipa kitu cha kutisha, manake mfanyakazi kule anakatwa bima kwenye mshahara na ana kadi yake, operesheni, chuma mguuni, mazoezi, vyote vikaenda huko. Akatulia. Sote tukatulia. Baada ya wiki kadhaa ikaja bahasha ya helikopta, euro elfu tano na kitu. Kwa hela yetu piga hesabu, milioni kumi na kitu. Helikopta inahesabiwa kwa dakika za kuruka. Tukadhani wamekosea, tukapeleka bahasha ofisi ya bima ya jamii, yule mama wa dirishani akatueleza taratibu bila ukali: ajali ikitokea kwenye michezo au matembezi ya mlimani, sisi tunalipa matibabu, kukutoa mlimani kwa helikopta ni mzigo wako, labda kimchango kidogo na chenyewe kwa masharti. Nilimrudisha mara mbili kwenye maneno yake nikidhani Kijerumani changu ndo kibovu. Hapana, nilikuwa nimesikia vizuri.

Yaani hapo ndo nilielewa kwamba hospitali na uokoaji ni mifuko miwili tofauti. Mtu anakwambia "nina bima ya afya" na anasema kweli kabisa, lakini bado hana anayemlipia kutoka pale alipoangukia mpaka mlango wa hospitali. Ukitoka hapo kuna mfuko wa tatu, kukurudisha nyumbani, mzima au maiti, na wa nne, kama wewe ndo umemgonga mwenzio au umeangusha theluji juu ya watu. Karatasi moja inaweza kuwa na mifuko yote minne, nyingine ina mmoja tu, na kwa nje zote zimeandikwa bima.

Jamaa alikuwa na kadi ya benki ambayo inakuja na bima ya safari ndani yake. Tukaifungua ile pdf, kurasa nyingi, uokoaji upo, tukashangilia. Mbele kidogo ikasema skii inalindwa kwenye njia zilizowekewa alama na zilizo wazi. Basi nikawa mkalimani wake na kampuni, miezi ya barua. Wakaleta fomu na maswali ambayo ukiyasoma unajua kabisa wanatafuta nini: ajali ilitokea wapi hasa, saa ngapi, mlikuwa na mwongozaji mwenye leseni, kiwango cha hatari ya maporomoko siku hiyo kilikuwa namba ngapi, ulikuwa umekunywa. Yeye akataka tuandike "karibu na pisti". Nikamwambia ndugu yangu, rubani ana vipimo vya mahali alipokuokota, polisi wa milimani wana ripoti yao, andika ulipokuwa. Tukaandika. Jibu likaja, hapana. Kutoka kwenye fito ilikuwa mita kama arobaini.

Akalipa kidogo kidogo, wenzake wa jikoni tukamchangia. Na mi sisemi alidhulumiwa. Karatasi ilisema wazi, tatizo ile karatasi ilikaa kwenye imeli miaka na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuifungua mpaka mguu ulipokatika.

Baada ya hapo nikawa nasoma karatasi za watu. Mtu akija na bima yake nasema lete hapa, wakanizoea, hata Wahungari na Waslovakia wa pale hotelini walikuwa wananiletea. Nilichogundua ni kwamba habari ya nje ya fito kila kampuni ina lugha yake. Kuna zinazofunga kabisa, pisti iliyofunguliwa basi. Kuna zinazosema nje sawa lakini uwe na mwongozaji mwenye leseni, na hapo "rafiki yangu anaijua hii milima" sio mwongozaji. Nyingine zinasema nje ruksa ilimradi uwe ndani ya mipaka ya eneo la lifti na usipinge onyo la wenyeji. Hiyo ya mwisho watu wanaipenda kwa sababu inaonekana pana, lakini iangalie vizuri hilo neno onyo. Onyo ni nini? Ni ule ubao wenye taa ya njano inayowaka pale juu kwenye lifti, ni kamba iliyofungwa, ni taarifa ya maporomoko ya siku hiyo. Ukipita chini ya kamba umeshajitoa mwenyewe, haina haja ya wakili.

Na taarifa ya maporomoko ina namba, 1 mpaka 5, Ulaya nzima wanatumia ileile tangu 1993. Tyrol wanaitoa jioni kwa ajili ya kesho yake, unaisoma kwenye simu. Watu wanaogopa 5, na 5 inatokea kwa nadra sana, siku hiyo hata barabara zimefungwa utaenda wapi. Inayoua watu wengi ni 3, kwa sababu 3 ina jua, ina theluji nzuri, na watu wanaisoma wanaona ni katikati, kumbe sio katikati. Maporomoko mengi yanayomfunika mtu yameanzishwa na yeye mwenyewe au mwenzake aliyekuwa naye, sio kwamba mlima umeamua tu kukuangukia. Ndo maana kampuni inauliza namba. Kuna karatasi niliisoma ilikuwa inakata kuanzia 4, nyingine ilisema tu "hatari inayojulikana", na maneno ya namna hiyo mimi huwa siyapendi kabisa, manake anayeamua kwamba ulijua ni nani? Yeye, na anaamua ukiwa umeshaumia.

Zile njia za katikati nilizosema mwanzo, zenye alama bila kusawazishwa, usikisie. Kwa bima moja ni pisti kwa sababu ina alama, kwa nyingine sio pisti kwa sababu haikaguliwi. Uliza kwa maandishi.

Kingine ambacho hata wenyeji wanasahau, pisti iliyofungwa ni sawa na nje. Lifti zikifungwa jioni na njia imefungwa. Kuna watu wanakaa kwenye vibanda vya juu wanakunywa mpaka giza alafu wanashuka na tochi, wakati huo mitambo iko kazini na ule mkubwa wa kwenye mteremko mkali unafungwa waya wa chuma juu ya mlima ili ujivute, waya unakaza hewani gizani huuoni. Usiku kama huo ukiumia umejikusanyia makosa yote kwa pamoja, njia imefungwa, umekunywa, na umeonywa.

Sasa turudi huku kwetu. Mtanzania akiomba viza ya Schengen, ile ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, anatakiwa awe na bima ya safari ya angalau euro 30,000, iwe na matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani kwa ugonjwa au kifo. Tunaikata Dar au kwa wakala hapahapa, inaprintiwa, inaingia kwenye faili, imeisha hiyo. Hii mimi naifananisha na bima ndogo ya gari, unaikata ili trafiki akuache upite, siku ya gari lako kupinduka ndo unakumbuka hukukata kubwa. Kwenye nyingi nilizosoma, ukienda kwenye orodha ya visivyolipwa unakuta michezo hatarishi, na skii imo, hata ya ndani ya fito, isipokuwa uwe umelipa nyongeza ya michezo ya baridi. Wakala hakuulizi kwa sababu nani kutoka Tanga anaenda kuskii? Na wewe humwambii kwa sababu siku unaikata hujui kama utaskii. Wageni nao huku kwetu yanawakuta hayohayo, anakuja kupanda Kilimanjaro na bima inayoishia mita 4,000 wakati Uhuru ni 5,895.

Na hapo kwenye kurudishwa nyumbani ndo panapouma. Nyie mnajua inavyokuwa mtu wetu akifia nje, linafunguliwa grupu la WhatsApp, michango, anko yuko wapi, nani anamjua mtu ubalozini, mama anasubiri mwili wiki ya pili. Mtu anaweza kuwa na karatasi inayosema kabisa kurejesha mwili, lakini kifo kikitokana na kitu kilichotajwa kwenye visivyolipwa, kile kipengele nacho hakifanyi kazi. Soma kile kipande cha visivyolipwa kwanza kabla ya kile cha vinavyolipwa. Mi siku hizi naanzia huko nyuma.

Yaliyonifanya niandike ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Chumbageni, amepata nafasi ya kujitolea mwaka mmoja kusini mwa Ujerumani kupitia mpango wa weltwärts. Kutoka huko kwenda kwenye milima ya Austria ni safari ya wikiendi tu, na wenzake watamvuta, hilo najua. Shirika linampa bima. Akaja nyumbani, shikamoo mjomba, nikamwambia marahaba, nirushie hiyo pdf. Tukakaa barazani tunaisoma kwa simu mbili. Matibabu, safi. Dhima kwa watu wengine, yaani ule mfuko wa nne, ipo, nzuri hiyo, manake Italia tangu Januari 2022 huruhusiwi kuskii kwenye pisti bila bima ya dhima, na huko kusini Italia haiko mbali. Uokoaji, imeandikwa sentensi moja. Nje ya njia, kimya, haijasema ndiyo wala hapana.

Akasema mjomba si kama haijakatazwa basi inaruhusiwa? Nikamwambia mjomba, hilo ni swali la kuwauliza wao sasa hivi, usije ukaliuliza ukiwa na plasta kiunoni. Tukawaandikia imeli, Kijerumani changu cha jikoni na chake cha darasani, maswali matatu: skii nje ya njia zenye alama ndani ya eneo la lifti mnalipa, bila mwongozaji je, na helikopta ya Austria mnalipa mpaka kiasi gani. Hilo la helikopta nililing'ang'ania kwa sababu kadi ya matibabu ya Ujerumani inakubalika hospitali za Austria lakini kutolewa mlimani haigusi. Jibu lilichukua siku kadhaa likaja safi kabisa: ndani ya pisti ndiyo, nje ya pisti akiwa na mwongozaji tu, uokoaji mpaka euro 5,000. Yaani ile bili ya mtu wa Pangani ingeingia kwa kubanwa banwa na ingebaki chenji ya kulipa. Nikamwambia hiyo imeli usiifute, iprinti, nyingine mwachie mama.

Alafu tukafanya nilichofanya mimi mwenyewe tangu msimu wangu wa kwanza, kwa ushauri wa mpishi mkuu ambaye hakuwa akitaka kupoteza watu: kujiunga na Alpenverein, chama cha wapanda milima cha Austria, kipo tangu 1862, mgeni yeyote anajiunga. Ada ya mwaka haifiki euro 100 na uanachama unakuja na bima ya kuokolewa mpaka euro 25,000, ndani ya fito na nje ya fito, mchezo wa starehe sio mashindano. Inaanza siku inayofuata baada ya hela kuingia, kwa hiyo usijiunge ukiwa kwenye foleni ya lifti. Uswisi wana utaratibu wao, Rega, shirika la uokoaji wa anga lililoanzishwa 1952, namba yao 1414, unalipa mchango wa mwaka unakuwa mfadhili na wao wanaweza kukusamehe gharama zao ambazo bima yako haikulipa. Sio bima, ni hisani, lakini ni hisani inayofanya kazi.

Dada yangu alikuwa anatusikiliza muda wote anachambua mchicha. Akauliza, sasa si akae tu kwenye hizo njia za rangi? Na kusema kweli ndo nilichomwambia mpwa wangu, mwaka wa kwanza baki kwenye buluu, ukitoka nje ya fito utoke na mwongozaji, na mgongoni uwe na koleo, ufito mrefu wa kuchomeka kwenye theluji kumgusa aliye chini, na kile kifaa cha mawimbi cha kumtafuta aliyefunikwa, na uwe umejifunza kukitumia, manake mtu akifunikwa dakika kama kumi za kwanza ndo za kumpata hai, helikopta haijafika bado, ni wewe na wenzako. Bima haichimbi. Vifaa vyote vitatu vinakodishwa madukani kule, na kuna maeneo wameweka uwanja mdogo wa kufanyia mazoezi ya kutafuta, bure.

Ameelewa, au anasema ameelewa. Karatasi ziko tayari, ada ya chama kalipa mwenyewe kwa hela ya bodaboda yake aliyoiuza. Kilichobaki sasa ni buti za skii, anavaa namba 47 na anataka nimtafutie za mtumba hapa sokoni Mgandini, nikamwambia mjomba, za hivyo Tanga huzipati, nenda kakodi hukohuko.